Njia mbili kwenye mkataba, mtaro mmoja ardhini: Intaneti inavyofika Mwandoya na inavyopotea

Mei 12, 2024 ilikuwa Jumapili. Intaneti ikaanza kusuasua nchi nzima, picha hazifunguki, meseji zinazunguka tu bila kwenda. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, Nape Nnauye, akawaambia Watanzania kuwa tatizo liko kwenye nyaya za baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukatangaza kufunga huduma kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao kuwa dhaifu.

Nyaya zilizokatika zilikuwa mbili, EASSy na SEACOM, na zilikatika karibu kwa wakati mmoja.

Ukiwa Mwandoya, wilayani Meatu mkoani Simiyu, bahari ni kitu cha kwenye picha. Lakini Mei ndio mwezi ambao kwa kawaida msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa, na Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini. Pamba ikishapimwa AMCOS, mkulima anataka pesa yake. Siku hizi pesa hiyo mara nyingi inakuja kwa simu au benki, na vyote hivyo vinahitaji mtandao. Kwa hiyo waya uliokatika chini ya Bahari ya Hindi unamhusu.

Swali ambalo wengi waliuliza siku ile ni la haki kabisa: kama nyaya ni mbili, na wamiliki ni tofauti, mbona tulikatikiwa kama tuna mmoja?

Jibu linaanzia kwenye ramani. EASSy na SEACOM zote zinashuka ufukweni sehemu moja Afrika Kusini, mji mdogo unaoitwa Mtunzini, jimbo la KwaZulu-Natal. Kwenye eneo hilo la bahari nyaya hizo zinapita jirani. Kilichoukata mmoja kilikuwa na nafasi nzuri tu ya kuukata na wa pili. Upande wa kaskazini nako SEACOM ilikuwa na jeraha lingine, kwani Februari 24, 2024 nyaya tatu ziliharibika kwenye Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo, na hadi Mei zilikuwa hazijarekebishwa. Ukiangalia kwenye karatasi, njia zilikuwa nyingi. Ukiangalia baharini, zilikuwa zimebaki chache sana.

Hicho kilichotokea baharini hutokea pia nchi kavu, kwa udogo, kando ya barabara zetu. Na kinaeleza jambo ambalo mafundi wa mawasiliano duniani wanahangaika nalo kwa sasa: kuzisimamia ruta na faiba kama mtandao mmoja, badala ya kuwa kama nyumba mbili zisizosalimiana.

Meseji yako inapita wapi

Simu yako inaongea na mnara. Mnara wa kijijini kwa kawaida unatuma mawasiliano kwa mawimbi ya redio hadi mnara mwingine, huo hadi mwingine, mpaka kufika mahali penye faiba. Wakati mwingine faiba inafika mnarani moja kwa moja. Kutoka hapo safari inaingia kwenye nyaya kubwa za nchi kavu, zikiwemo za kampuni zenyewe na zile za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano.

Mkongo ulianza kujengwa mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China. Mkandarasi alikuwa CITCC, vifaa vingi ni vya Huawei, na msimamizi wake ni TTCL. Umejengwa kwa mizunguko mitatu, Kaskazini, Kusini na Magharibi, na unafika hadi mipakani kwa majirani. Kuna vipande ambavyo havitumii mtaro kabisa, bali faiba iliyo ndani ya waya wa juu kwenye nguzo za umeme mkubwa za TANESCO. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kwanini mizunguko? Kwa sababu mzunguko ukikatika sehemu moja, data inageuka na kupita upande wa pili. Ni akili ya kawaida tu: mji wenye barabara mbili haufungwi na daraja moja kuvunjika.

Mpaka hapo ni rahisi. Ugumu uko kwenye kwamba huo tunaouita "mtandao" ni vitu viwili vilivyopandana.

Ghorofa ya chini na ghorofa ya juu

Chini kuna mwanga. Uzi wa kioo mwembamba kama unywele unabeba miale mingi kwa pamoja, kila mmoja ukiwa na "rangi" yake (macho ya binadamu hayaioni, ila tuite rangi ili tuelewane). Mfumo wa kisasa unabeba rangi 80 au zaidi kwenye jozi moja ya nyuzi. Kila rangi ikibeba gigabiti 100 kwa sekunde, jozi hiyo inapitisha terabiti 8. Mwanga huchoka njiani, kwa hiyo kila baada ya kilomita 80 hadi 100 hivi kuna mtambo wa kuuongeza nguvu. Hapa kazi ni moja: kusafirisha mwanga kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mitambo hii haijui kama ndani kuna muamala, mechi au sauti ya mtu.

Juu kuna ruta. Ruta inasoma anwani ya kila pakiti na kuamua ipite wapi. Yenyewe haijui mwanga wala mtaro. Inachojua ni kuwa ina "mlango namba 1" unaokwenda Mwanza na "mlango namba 2" unaokwenda Dodoma, basi.

Chukua mfano wa stendi ya Bariadi. Mpangaji wa safari ana mabasi ya kampuni mbili yanayokwenda Mwanhuzi. Anajiona yuko salama: la kwanza likiharibika, abiria anawahamishia la pili. Lakini mabasi yote mawili yanapita Kisesa na Mwandoya, kwenye barabara ileile na madaraja yaleyale. Mvua ikishusha daraja, kampuni mbili hazimsaidii kitu. Alihesabu mabasi, hakuhesabu barabara.

Ruta ni yule mpangaji. Ikiwa na milango miwili inahesabu njia mbili. Kumbe fundi wa ghorofa ya chini, miaka mitatu iliyopita, alizipanga rangi zote mbili kwenye uzi uleule, au kwenye nyaya mbili zilizolala kwenye mtaro mmoja. Hakufanya kwa ubaya. Pengine palikuwa na nafasi hapo tu, au ilikuwa hatua ya muda mpaka kipande kingine kikamilike, halafu ikasahaulika.

Wahandisi wana jina la hali hii, kundi la hatari ya pamoja: viungo vyote ambavyo kitu kimoja kinaweza kuviua kwa mkupuo. EASSy na SEACOM pale KwaZulu-Natal zilikuwa kundi la hatari ya pamoja, hata kama hakuna ruta iliyokuwa imeandikiwa hivyo.

Katapila likipita, nini kinatokea?

Nchi kavu, adui wa faiba sio nanga ya meli. Ni katapila la kupanua barabara, mtaro wa bomba la maji, mafuriko yanayobeba ukingo wa barabara, moto kwenye nguzo, na watu wanaofukua waya wakidhani ndani kuna shaba. Faiba hupenda kulala kando ya barabara kwa sababu ni rahisi kuchimba na kuitunza. Ndio maana barabara ikianza kujengwa upya, faiba nayo iko hatarini.

Tuseme imekatwa. Ghorofa ya chini inajua ndani ya milisekunde chache kwamba mwanga umepotea. Kama ilipangiwa njia mbadala ya mwanga, inahamia huko kwa kiwango kilichozoeleka cha milisekunde 50. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Mtumiaji hasikii kitu.

Ghorofa ya juu nayo ina namna yake ya kugundua. Kama mlango wa ruta umezimika kabisa, inajua mara moja. Ila pakiwa na vifaa vingine katikati, mlango unaweza kubaki unaonekana mzima wakati mbele hakuna kitu. Hapo ruta inasubiri jirani yake anyamaze muda wa kutosha ndipo imhesabu amekufa. Kwa mipangilio ya kawaida ya OSPF, mojawapo ya lugha ambazo ruta huzungumza, kusubiri huko ni sekunde 40. Kwa BGP, lugha ya ruta za kampuni tofauti, inaweza kufika sekunde 90 au 180. Kuna njia za kupunguza hadi chini ya sekunde moja, lakini lazima mtu akae aziweke.

Dakika tatu kwa anayeangalia video ni kero tu. Kwa wakala ambaye mteja wake amekatwa pesa na meseji ya uthibitisho haijaja, dakika tatu ni ugomvi dukani.

Linakuja tatizo la pili, na hili wengi hawalifikirii. Ghorofa zote mbili zikitibu jeraha moja kwa wakati mmoja bila kuambizana, zinaweza kulifanya kuwa baya zaidi. Ya chini inahamisha mwanga. Ya juu, haijui, inahamisha pakiti. Ya chini inamaliza kazi, mlango unafufuka. Ya juu inarudisha pakiti. Mtandao unawaka na kuzima, unawaka na kuzima. Kuzuia hilo mafundi huiambia ruta isubiri kidogo ghorofa ya chini imalize kwanza. Sasa kama ghorofa ya chini haina njia mbadala, ruta imesubiri bure.

Na la tatu ni la binadamu. Kwenye kampuni nyingi ghorofa hizi zina timu mbili, skrini mbili, bajeti mbili na mara nyingi vifaa vya watengenezaji tofauti. Uzi mmoja ukikatwa, timu ya mwanga inapata alamu za mitambo yake, timu ya ruta inapata alamu za kila kilichokuwa kinapita juu yake: milango, majirani waliopotea, wateja. Mkato mmoja, mamia ya ving'ora kwenye vyumba viwili. Kinachofuata kila aliyewahi kufanya kazi huko anakijua. Simu zinapigwa. "Kwetu kuko sawa, angalieni kwenu." "Na sisi kwetu tunaona kuko sawa." Na fundi mwenye gari la kuunga faiba bado hajaambiwa aelekee wapi.

Skrini moja

Usimamizi wa pamoja maana yake ya msingi ni hii: kuwe na mfumo mmoja unaojua kwamba mlango namba 1 wa ruta fulani umepanda rangi fulani, rangi hiyo inapita uzi fulani, na uzi huo uko kwenye mtaro wa barabara fulani. Kutoka juu mpaka ardhini, bila kukatika.

Kwa kawaida haufanywi kwa kuvunja mifumo iliyopo. Kunabaki kidhibiti cha ruta na kidhibiti cha mwanga, kila kimoja kikiwajua watu wake, halafu juu yao unawekwa mratibu anayezungumza na wote wawili. Shirika la IETF, linaloandika taratibu za intaneti, lilichapisha mwongozo wa muundo wa namna hiyo mwaka 2018, unaitwa RFC 8453. Muhimu ndani yake ni kuwa mratibu halazimiki kujua siri zote za kila mtambo. Anahitaji picha iliyofupishwa na uwezo wa kuuliza na kuomba.

Akishakuwa na picha hiyo, mambo kadhaa hubadilika.

Kubwa kuliko yote ni kugundua uongo kabla haujaumiza. Mratibu anapita kwenye kila jozi ya njia zinazodhaniwa kuwa tofauti na kuuliza: mnakutana wapi huko chini? Zikikutana, anaonyesha. Kazi hii mtu anaweza kuifanya kwa lahajedwali, na wengi bado wanaifanya hivyo, ila lahajedwali huanza kupitwa na wakati siku ileile inapohifadhiwa. Fundi akihamisha rangi usiku wa leo, kesho karatasi inadanganya.

Ukija mkato, ving'ora mamia vinakuwa taarifa moja: uzi wa kipande fulani umekatika, kilomita fulani kutoka kituo fulani, walioathirika ni hawa. Umbali unapatikana kwa kutuma mwanga kwenye uzi na kupima muda unaochukua kurudi kutoka pale ulipokatika. Mwanga ndani ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hesabu inatoka. Gari la mafundi linaondoka likijua linakwenda wapi.

Kuna pia dalili za mapema. Uzi unaominywa, unaoingiwa na maji kwenye maungio, au unaotikiswa na mashine inayochimba karibu, huanza kutoa makosa mengi kwenye mwanga kabla haujakatika. Vifaa vinayasahihisha kimyakimya, kwa hiyo ruta inaona kila kitu ni kizuri mpaka dakika ya mwisho. Ghorofa ya chini ilikuwa inaona ugonjwa unakua, ila haikuwa na wa kumwambia. Mfumo wa pamoja unaweza kuiambia ruta ihamishe pakiti taratibu wakati njia bado iko hai, na mtumiaji asijue kuwa kulikuwa na jambo.

Kwa matengenezo ya kupangwa ni hivyohivyo. Anayetaka kuzima kadi ya mwanga saa nane usiku anaona kwanza nani amepanda juu yake.

Halafu kuna pesa. Pale ghorofa hazizungumzi, kila moja inaweka akiba yake: ya chini inaacha njia ya mwanga wazi kwa dharura, na ya juu inaacha milango yake nusu tupu kwa dharura ileile. Unalipia akiba mara mbili. Zikipangwa pamoja, sehemu ya hiyo pesa inaweza kwenda kwenye kitu kingine, kwa mfano kujenga kipande cha kufunga mzunguko ambao mpaka leo ni mstari tu.

Ghorofa ya chini ni ya nani?

Hapa ndipo habari inakuwa ya Tanzania hasa, na kwa kweli ndipo programu peke yake haitoshi.

Vitabu vya fani hii huchora kampuni moja yenye ruta na faiba zake. Kwetu mara nyingi sio hivyo. Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL wote wana ruta. Faiba zipo za kampuni zenyewe, Halotel kwa mfano iliingia sokoni mwaka 2015 ikiwa na faiba yake, lakini pia kampuni hukodi uwezo kwenye Mkongo na kwa wenzao. Aliyekodi anapewa ncha mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Katikati ni mali ya mwingine.

Kwa hiyo kampuni inaweza kukodi njia ya kwanza kwa huyu na ya pili kwa yule, ikalipa bili mbili, ikaamini imejikinga. Na yule wa pili naye kwenye kipande fulani amekodi kwa yule wa kwanza. Mkataba una njia mbili, ardhi ina mtaro mmoja. Mteja wa mwisho, mwenye laini mbili za mitandao miwili mfukoni kwa ajili ya usalama, anashangaa zote zimepotea kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo zile faiba za kwenye nguzo za umeme zinapokuwa na thamani kuliko zinavyosifiwa. Waya ulio juu ya nguzo za TANESCO haukatwi na katapila linalochimba kando ya barabara, na mafuriko yanayokata barabara hayaufikii kirahisi. Una hatari zake nyingine, nguzo kuanguka kwa mfano, lakini ni hatari tofauti, na tofauti ndiyo inayotafutwa. Njia moja chini kando ya barabara na nyingine juu kwenye nguzo ni njia mbili za kweli. Ila mwenye ruta atajuaje ipi ni ipi, kama karatasi ya kukodi inasema tu "Dar es Salaam hadi Mwanza, gigabiti 100"?

Wenye faiba wana sababu za kusita kutoa ramani. Ushindani upo, na usalama upo pia: ramani kamili ya mitaro ya nchi sio kitu cha kumpa kila mtu. Lakini kwa kinachotakiwa hapa, ramani kamili haihitajiki. Inatosha kila kipande kuwa na namba ya kundi la hatari, na mkodishaji amwambie mkodi namba za vipande anavyopita. Njia mbili zikiwa na namba inayofanana, ruta inajua kuwa hizo sio mbili, na hakuna aliyetoa siri ya mtaro uko wapi. Lugha za ruta zimekuwa na nafasi ya kuandika namba hizo kwa muda mrefu. Kinachokosekana ni makubaliano ya kuziandika, na mdhibiti kama TCRA yuko mahali pazuri pa kuyadai kuliko kampuni moja moja.

Skrini moja inaweza pia kukuangusha

Wauzaji wa mifumo hii huongea kana kwamba matatizo yataisha. Hayaishi, mengine yanazaliwa.

Desemba 27, 2018, kampuni ya CenturyLink ya Marekani ilipoteza mmoja wa mitandao yake ya mwanga kwa saa 37. Hakuna uzi uliokatwa. Kadi moja kwenye mtambo wa Denver ilianza kutoa pakiti mbovu. Pakiti hizo zikapita kwenye njia ambayo mitambo ya mwanga hutumia kuambizana habari za usimamizi, kila mtambo ukazipokea na kuzisambaza kwa wenzake, mpaka mitambo ikalemewa. Kwa mujibu wa ripoti ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, hadi wateja milioni 22 kwenye majimbo 39 waliathirika, na simu 886 za kuomba msaada wa dharura hazikufika. Mafundi walitaka kuingia kwenye mitambo kutokea mbali waizime hiyo njia, lakini mitambo ilikuwa imelemewa na haiingiliki.

Yaani kilichouangusha mtandao ni usimamizi wenyewe.

Ndio maana anayejenga skrini moja kwa ghorofa zote mbili anatakiwa awe na mambo mawili tangu mwanzo. La kwanza ni njia ya pembeni ya kuifikia mitambo, isiyotegemea mtandao uleule anaousimamia. La pili ni kwamba mratibu akifa, ruta na mitambo ya mwanga viendelee na kazi kwa akili zao za zamani. Mratibu awe mshauri mwenye uwezo wa kuagiza, sio moyo ambao ukisimama kila kitu kinasimama.

Vipi kuondoa ghorofa moja kabisa?

Kuna wanaosema dawa ni kuziunganisha ghorofa ziwe moja. Mwaka 2020 ulitoka utaratibu unaoitwa 400ZR, wa kipande kidogo kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ruta na kutoa rangi yenye gigabiti 400. Sanduku kubwa la mwanga lililokuwa katikati halihitajiki tena. Kwa miji iliyo karibu inapunguza gharama, umeme na nafasi.

Tatizo letu ni umbali. 400ZR ilitengenezwa kwa kama kilomita 80 hadi 120. Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Vipo vipande vya aina hiyo vya nguvu zaidi vinavyokwenda mamia ya kilomita, lakini kwa nchi kubwa yenye miji iliyotawanyika, vituo vya kuongeza nguvu mwanga na mitambo yake havitaondoka karibuni. Na kipande kikichomekwa kwenye ruta, mwanga unakuwa umeingia nyumbani kwa timu ya ruta: nani anaupangia rangi, nani anapima nguvu yake? Kwa hiyo hata teknolojia ya kupunguza masanduku inazilazimisha timu mbili kukaa meza moja.

Mnara wa mwisho

Mei 13, 2023, Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini. Minara ni habari njema inayoonekana kwa macho, unaweza kuizindua na kupiga nayo picha. Hakuna anayezindua namba ya kundi la hatari.

Lakini mnara unafanya kazi kadiri ya kilicho nyuma yake. Wa kijijini ukiwa unategemea kiungo kimoja tu cha redio kwenda mnara wa mbele, na huo unategemea uzi mmoja tu kwenda mjini, mratibu hata awe mzuri vipi hana cha kuhamisha. Atakachoweza ni kusema, ndani ya sekunde chache, mahali palipokatika, watu wangapi wako nje, na ni kipande gani kikijengwa mnara huo utapata njia ya pili ya kweli. Kampuni ikiwa na orodha ya minara ya namna hiyo, ikiwa imepangwa kwa idadi ya watu na miamala inayopita, bajeti ya faiba ya mwaka unaofuata inaweza kuanzia hapo.